Pangaboi huvutwa kwa mkono

"Usisimame hapo, litakupasua kichwa. Njoo huku."

Ami yangu ananivuta shati, ananisogeza hatua mbili, kisha anainua mikono yote miwili juu ya kofia yake ya viua kama mtu anayepokea gunia kutoka darini. Anashika hewa. Anaivuta chini bila pupa mpaka usawa wa kiuno, anapisha pembeni, anarudi, anainua tena mikono. "Moja," anahesabu. "Mbili." Maji ya Jambiani yamekupwa karibu ya kufika mwambani, ngalawa zimelala mchangani zimeegemea matengo yao, wanawake wanarudi kutoka kwenye mwani na mapolo vichwani, na mzee anayekaribia miaka 80 anaiwasha ndege ambayo haipo.

Ndege yenyewe ni Dakota. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ami alikuwa kijana wa kibarua katika kiwanja cha ndege cha Kisauni: kubeba mizigo, kuweka kabari za mbao kwenye magurudumu, kufagia, kushika kile alichoambiwa ashike. Katika hayo yote, anachojivunia ni kimoja tu, kuvuta pangaboi. "Injini iliyolala usiku haiwashwi hivi hivi," anasema. "Unavuta panga hadi panga, unahesabu. Ukihisi limekuwa zito ghafla, unaachia, unamwita fundi. Ukilazimisha, umemuua."

Nilidhani ni sawa na hendeli ya lori la zamani, kuzungusha mpaka moto ushike. Nikaenda kusoma, nikaona mzee ana haki. Injini ya Dakota, Pratt & Whitney Twin Wasp, ina silinda 14 zilizozunguka duara, safu mbili za saba saba, kama vipande vya chungwa lililokatwa katikati. Maana yake ni kuwa silinda za chini zimeinamia ardhi. Ndege ikikaa, oili huchuruzika taratibu na kutuama humo. Hewa inabanika, oili haibaniki. Injini ikiwashwa kwa nguvu zake zote na oili imejaa chini, pistoni inagonga kitu kisichorudi nyuma, na kinachopinda ni chuma. Kwa hiyo hutangulia mkono wa mtu, wa taratibu, wenye kuhisi. Mashine yenye nguvu za farasi 1,200 kila upande ilikuwa ikingoja ruhusa ya kibarua wa Jambiani.

Kitu kimoja nimekigundua katika mazungumzo yake. Ndege za siku hizi, zile zinazopita juu ya Paje zikiwa zimejaa watalii, anaziita kama sote tunavyoziita: ndege hii, ndege ile, imetua, imeruka. Dakota anampa roho. "Dakota yule akikohoa. Anatoa moshi mweupe, anatikisika, halafu ananyamaza, unadhani kafa, mara anakohoa tena." Mwalimu wa skuli angemkata alama. Lakini Kiswahili chetu ndicho kilichoanza kufanya mzaha huo, pale kilipompa jina moja mnyama wa mbawa na chombo cha mbawa. Na kabla ya chombo hicho, wazee walipotaka kufunga safari walitazama ndege: kuna ndege njema, kuna ndege mbaya, na mbaya ikipita mtu huahirisha. Ukisema kwetu "mimi napenda ndege za zamani" utaulizwa kama una maana ya kunguru.

Ninazipenda. Nakiri, ni maradhi. Watu wenye maradhi haya wako wengi duniani. Wanasafiri nchi na nchi kwenda kusikiliza injini moja ikiwashwa, wanajua namba za usajili kama wengine wanavyojua mabao ya Simba na Yanga. Huku kwetu wapo pia, ila hawana chama wala jumba la kumbukumbu. Wana uzio wa kiwanja cha ndege, wana simu zenye kamera, na baadhi yao wana ami.

Ami ana kijiko. Ni kijiko kidogo cha chai, kimechoka, na mkewe hukitumia kuchotea hiliki. Kwenye mkono wake zimepigwa herufi tatu, E.A.A. Nilipouliza kilifikaje Jambiani, mzee akajibu, "Nilipewa," na kutoka jikoni kikasikika kicheko cha mtu aliyekwisha kulisikia jibu hilo kwa zaidi ya miaka 40.

East African Airways lilikuwa shirika letu sote, kwa namna. Lilianza kazi Januari 1946 likiwa na ndege 6 za kuazima, de Havilland Dominie, ndugu wa kijeshi wa Dragon Rapide. Mtaji wa mwanzo ulikuwa pauni 50,000, na ukitaka kujua Zanzibar ilikuwa na ukubwa gani katika Afrika Mashariki ya wakoloni, tazama mgawanyo wake: Kenya asilimia 67.7, Uganda 22.6, Tanganyika 9, Zanzibar 0.7. Kwa hesabu ya dukani, pauni 350. Nikamwambia ami kwamba sisi tulikuwa na sehemu isiyofika moja katika mia. Akafikiri kidogo. "Basi hicho kijiko ni haki yetu," akasema.

Kabla ya hapo pwani hii ilikuwa imeshazoea ndege. Wilson Airways, kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mjini Nairobi mwaka 1929, ilikuwa ikileta barua na abiria wachache Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam mpaka vita vilipoizima. Kuanzia 1937, ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua bandarini: zinatoka Uingereza, zinapita Misri na Sudan, zinatua ziwani Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuteremka hadi Durban. Chombo kinachoshuka kutoka mbinguni kikaelea bandarini kama jahazi, kikafungwa kwenye boya, abiria wakashuka kwa mashua. Kwa mtu wa pwani hicho hakikuwa kigeni sana. Hata jina la anayekiendesha tulikuwa nalo tayari. Rubani ni yule aliyekuwa akiongoza meli kupita miambani kabla hajapandishwa angani.

Baada ya Rapide wakaja Dakota, na Dakota ndio waliokaa. Ndege aina hiyo iliruka mara ya kwanza Desemba 1935, vita vikafanya zitengenezwe zaidi ya 10,000, na vita vilipokwisha zikawa nyingi na rahisi, mashirika machanga yakazinunua. Inasimama imekalia mkia. Abiria akiingia mlangoni, nyuma, inambidi apande mlima kufika kiti chake. "Wazee wa Kihindi walikuwa wakishika viti kwa mikono miwili," ami anasimulia, akiigiza mwendo wao, "na kina mama wanavua viatu. Mimi nikiwasukuma mgongoni kwa adabu." Safari ya Dar es Salaam ilikuwa fupi kuliko muda wa kupakia mizigo.

Nisifanye yaonekane yote yalikuwa asali. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota wa shirika hili aliyetoka Dar es Salaam kwenda Nairobi aligonga kilele cha Mawenzi, Kilimanjaro, wakafa watu wote 20. Na uwanja wa Embakasi, Nairobi, uliofunguliwa 1958 na ukawa makao makuu ya shirika, ulijengwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Wapenzi wa ndege kuukuu hupenda kupiga picha za jengo lake la zamani. Ni jengo zuri. Waliochimba njia yake ya kurukia hawaonekani kwenye picha hizo.

Kuna siku nilimuuliza ami kama aliwahi kuigusa Rapide. Hakuwahi, zilikuwa zimeshaondoka alipoanza kazi. Nikamuonesha picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole kama nilivyomfundisha, akasema, "Hii ni ngalawa." Hakukosea. Rapide ina mbawa mbili kila upande, moja juu ya nyingine, zimeshikiliwa kwa nguzo na waya, na karibu mwili wote ni mbao: mifupa ya mbao, ngozi ya plaiwudi, kisha kitambaa kilichopakwa dawa ili kikaze na kuzuia maji. Fundi wa Jambiani anayechonga ngalawa kutoka gogo la mwembe, akaifunga matengo kwa kamba, akaitia tanga la marekani, angehitaji asubuhi moja tu kuelewa nini kinashika nini.

Tena angewasaidia Waingereza. Hapo ndipo historia ya ndege za vita inapoingia Bahari ya Hindi, na inaingia kwa kuvunjika. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuja mpaka nje ya bandari ya Unguja ikaizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa injini. Mabaharia wake wengine wamezikwa kisiwa cha Chapwani, kile watalii wanachokiita kisiwa cha makaburi. Kisha Königsberg ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, mahali ambapo meli kubwa haifiki na jicho la baharini halioni. Waingereza wakahitaji jicho la juu.

La kwanza lilikuwa ndege ya majini aina ya Curtiss, ambayo kijana mmoja, Dennis Cutler, alikuwa akiwazungusha nayo watu kwa malipo huko Durban. Wakaichukua pamoja naye. Ilipofika kusini mwa pwani yetu, joto likaishinda rejeta yake, na inasimuliwa kwamba ililetwa nyingine kutoka Mombasa, ya motokaa aina ya Ford. Kwa rejeta hiyo Cutler akaiona Königsberg, Novemba 1914. Mwezi uliofuata injini ikamwangusha deltani, Wajerumani wakamteka. Mwaka 1915 zikaja Sopwith, ndege za mbao zilizotengenezwa kwa hali ya hewa ya Uingereza. Joto na unyevu vikaachanisha gundi. Mapangaboi yakafunguka tabaka kwa tabaka. Mwishowe wakafyeka kiwanja kisiwani Mafia, wakaleta Caudron na Henri Farman, na tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold wakawa wanaelekeza mizinga kutoka juu huku ndege yao imepigwa na inaanguka. Wakatua mtoni wakiwa hai. Königsberg ikaisha siku hiyo.

Gundi ile hainitoki akilini. Kwa karne nyingi watu wa pwani hii walikuwa wakijenga mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari. Mfano wake mmoja ulijengwa kwa ajili ya jumba la kumbukumbu la Beit el Ajaib, ukasimama pale chini, katikati ya ukumbi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib ikaanguka, wakafa watu wawili. Tunajua, basi, kwamba hata kitu kilichowekwa ndani ya jumba kinaweza kukosa paa.

Gari la 309 linalotoka Jambiani kwenda mjini hupita Kitogani, msitu wa Jozani, kisha Tunguu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa hushuka hapo na madaftari yao. Nikisafiri na ami, tukikaribia Tunguu hunigusa goti. "Roketi," husema. Hakukuwa na roketi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani waliweka hapo kituo cha kusikilizia vyombo vya mpango wao wa Mercury, kimoja katika mlolongo wa vituo uliozunguka dunia: Bermuda, Kano, Unguja, Australia, Hawaii. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba kisiwa kimetegwa, na watu wakaanza kukiita kituo cha roketi; jina hilo limebaki mdomoni mwa wazee. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, aliposikika Unguja alikuwa akifanya mazoezi: anavuta kamba ya mpira iliyofungwa chini ya dashibodi, ili madaktari waone moyo unakwendaje mtu akiwa hana uzito. Mapigo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha yakatulia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kikafungwa na kung'olewa. Kwa hiyo kwenye njia ya daladala, kati ya Jozani na Mwera, kuna mahali ambapo mtu aliyekuwa nje ya dunia alipimwa moyo. Hapana hata kibao.

Nilijaribu kutafuta zaidi. Nilikwenda ofisi moja mjini kuomba kuona picha za zamani za kiwanja cha Kisauni. Karani, kijana mwenye heshima, akauliza ni picha za nini hasa. Nikasema ndege za miaka ya 1950 na 1960. "Hizo si zimesharuka?" akauliza, na sidhani alitania. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu mwenye ufunguo alikuwa Pemba. Wiki ya tatu nikaambiwa ufunguo umerudi lakini kabati limehamishwa, na aliyelihamisha naye amehamishwa.

Kwa hiyo wa kututunzia wamekuwa wengine, na hapa ndipo penye habari ninayoipenda kuliko zote. East African Airways, katika siku zake za fahari, ilinunua Super VC10 tano, ya kwanza 1966. Ilikuwa ndege ndefu nyembamba, injini nne za Rolls-Royce zote zimekusanywa mkiani, iliyobuniwa makusudi kwa viwanja vya Afrika vilivyo juu na vyenye joto, kama Nairobi, ambako hewa nyepesi huinyima ndege nguvu ya kuinuka. Wale waliowahi kuipanda bado hubishana kama kulikuwa na nyingine tulivu kuliko hiyo. Usajili uligawanywa kwa nchi wanachama: 5Y za Kenya, 5X za Uganda, 5H za Tanzania. Mojawapo, 5X-UVA, iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ikijaribu kusimama kabla ya kuruka. Walikufa watu 43. Zikabaki nne.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na shirika likafa nayo. Wakubwa wakagawana madeni na maneno. Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikaanzisha lake Machi mwaka huo, na VC10 nne zikarudi Uingereza, ambako jeshi la anga likazinunua na kuzigeuza matangi ya mafuta yanayoruka, ya kunyweshea ndege nyingine hewani. Zikapakwa rangi za jeshi, zikapewa namba za ZA. Ukifungua daftari la kiwanda utakuta jambo hili: VC10 zilizotengenezwa zilikuwa 54, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, iliyokabidhiwa Februari 1970, ilikuwa 5H-MOG. Ya Tanzania. Tena tarehe 25 Septemba 2013, VC10 ya mwisho kuruka duniani ilipotua Bruntingthorpe, Uingereza, na kuzima injini, ilikuwa ZA147, ambayo jina lake la utotoni ni 5H-MMT. Ya Tanzania vilevile. Mwanzo wa ukoo ule uko kiwandani Weybridge; mwisho wake, mara mbili, una herufi zetu.

5H-MOG ilipelekwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, mikononi mwa jumba la kumbukumbu la Brooklands. Huko wazee wastaafu waliojitolea walikuwa wakiiosha, wakiitia mafuta, na kuziwasha injini zake mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wazibe masikio. Nimekutana mtandaoni na picha za mikono yao, myeusi kwa oili, na nikaona wivu wa ajabu, kama wa mtu anayeona mtoto wa ndugu yake analelewa vizuri na jirani.

Huku nyumbani ndege kuukuu ni jambo la aibu. Septemba 2016 Serikali ilipopokea ndege mbili mpya za Bombardier Q400 za kufufua shirika la Taifa, mitaa na mitandao ilijaa kicheko: mapangaboi! Tumenunuliwa mapangaboi! Ndege mpya kabisa, yenye injini ya kisasa, ikachekwa kwa sababu ina kitu kinachozunguka nje. Ndege ya kweli, watu walisema, ni ile ya jeti. Basi Novemba mwaka uleule, kundi la watu wenye fedha zao na hiari yao liliondoka Crete kwenda Cape Town kwa ndege za miaka ya 1920 na 1930, mbawa juu ya mbawa, viti wazi, upepo usoni. Walitua karibu na piramidi za Giza, wakazuiwa kwa muda Gambela huko Ethiopia, wakapita Kenya, wakapita mbele ya Kilimanjaro, na Unguja ikawa kituo chao kimojawapo. Tulichokuwa tukikicheka Septemba, wenzetu walivuka bara kwa ajili yake kabla ya mwaka kwisha.

Na neno lenyewe lina siri. Kabla pangaboi halijawa la ndege, lilikuwa la dari, feni la kuning'inia. Na kabla halijawa la dari lilikuwa jina la mtu. Katika nyumba za mabwana wa Kiingereza, India na kwingineko, palikuwa na pazia kubwa la kupepea lililoitwa panka, na mtoto wa kazi alikaa nje ya mlango akivuta kamba mchana kutwa ili bwana apate upepo. Huyo ndiye aliyekuwa pangaboi. Umeme ulipokuja ukamwondoa mtoto, ukaacha jina lake kwenye chuma.

Nilimweleza ami haya juzi Ijumaa, baada ya sala, tumekaa barazani na chai ya mkandaa na mihogo. Hakushangaa kama nilivyotarajia. "Kumbe ndio maana," alisema tu, akakoroga chai kwa kijiko chake cha E.A.A., na mkewe akamkumbusha kwamba hicho ni cha hiliki.

Halafu nikamwekea video. Kuna Dakota wengi wanaoruka bado, Marekani na Ulaya, na wenyewe hawaachi kuwarikodi. Nikachagua moja yenye sauti nzuri, nikamtilia simu sikioni maana baraza lilikuwa na kelele za watoto. Akafumba macho. Injini ikapiga chafya, ikatoa lile kohozi la moshi, silinda moja ikashika, nyingine, kisha zote zikapata pumzi na kuanza kunguruma kwa pamoja. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikigonga gotini. Ilipokwisha akabaki amefumba macho.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudisha nyuma zaidi. Kabla hajawashwa. Nataka nimuone anayevuta."

Nikaburuta kidole mpaka mwanzo kabisa. Video inaanza pangaboi likiwa tayari linazunguka.